Blenda ya mkono: wati 1000 za kwenye boksi zina maana yoyote? Na kwa nini zinaungua mapema?

#1 Mama Wawili Tabata
Habari za jioni wanajamvi.

Leo tuongelee blenda za mkono, hizi za fimbo unazotumbukiza moja kwa moja kwenye sufuria. Ya kwangu imeungua. Nilikuwa nasaga supu ya maboga, ikaanza kunuka kama waya unaoungua, moshi mwembamba ukatoka kwenye matundu ya juu, ikazima hapo hapo. Boksi limeandikwa wati 1000. Jirani yangu naye yake imekufa, ya kampuni nyingine kabisa, wati 800. Halafu dada yangu anayo ya wati 200 tu, aliachiwa na bosi wake aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, na inasaga mpaka leo.

Dai langu: wati za kwenye boksi ni mapambo. Ukinunua kwa kuangalia wati umepigwa. Anayepinga aje na sababu.

Matumizi yangu: supu, maharage ya nazi, chakula cha mtoto wa miezi saba, nyanya na vitunguu vya mchuzi. Bajeti 120,000. Juisi nina blenda ya jagi, hiyo siiulizii.

#2 Baba Pacha
Nimekaa siti ya mbele. Mke wangu ananidai hii kitu tangu mwaka jana.

#3 Muuza Vyombo
Dada, pole kwa hasara, ila dai lako silikubali. Mimi nauza hizi bidhaa. Wateja wanaorudi kulalamika kwamba haisagi ni wale walionunua za wati 200 na 250 za bei chee. Wa wati 800 kupanda hawarudi kusema haisagi. Mota ndogo ukiipa kiazi kigumu inagoma, kubwa inapita. Hilo halihitaji shule.

#4 Fundi Mota Temeke
Muuza Vyombo, wa wati 800 hawarudi kwako kwa sababu wanakuja kwangu.

Wati ni umeme ambao mashine inakula, siyo kazi inayotoka kwenye kisu. Mashine mbili zinaweza kula sawa, moja ikaupeleka kwenye kisu na nyingine ikaugeuza joto. Tena kampuni nyingine zinaandika ile ya juu kabisa, wati inazovuta ikiwa imekabwa, siyo za kazi ya kawaida. Ndiyo maana ukiona neno MAX pembeni ya hiyo namba, punguza furaha.

Kuhusu kuungua: chukua hiyo iliyokufa, soma kibandiko chake. Nyingi zina maandishi KB 1 min au yanayofanana na hayo, au imo ndani ya kitabu chake. Maana yake isizunguke mfululizo zaidi ya dakika moja, kisha ipumzike. Mota yenyewe ni ndogo, inapozwa na feni ndogo iliyofungwa kwenye shafti yake, na hewa inapita kwenye yale matundu. Mtu anakamata mashine kwa mikono miwili, kiganja kimeziba matundu, anasaga dakika tano bila kuachia. Hapo vanishi inayokinga nyaya za koili inayeyuka, nyaya zinagusana, na ile harufu uliyoisikia ndiyo hiyo vanishi.

#5 Mama Wawili Tabata
Fundi asante. Nimekitafuta kibandiko, kipo, KB 1 min kweli. Lakini dada yangu naye anasaga bila kuangalia saa na yake ipo. Hilo unalielezaje?

#6 Tui Zito
Asalaam alaykum. Mimi niko Unguja na la muda silitilii maanani sana. Sababu ni kile unachokisaga.

Ramadhani hapa watu wanasagia bokoboko kwa blenda za mkono. Ngano na nyama zimeshaiva, zimevutana, nzito kama ulimbo, na hapo ndipo mashine zinapokufa. Kwetu bokoboko bado tunalipiga kwa mwiko mpaka livutike, blenda inapita mwanzo tu wakati bado lina maji mengi, kuichambua nyama. Blenda hiyo hiyo nasagia supu na nyanya kila siku wala haipati hata joto. Hivyo ndugu yangu wa Tabata, boga lako lilikuwa na maji kiasi gani?

#7 Chalii wa Machame
Tui Zito umenena. Badilisha bokoboko weka mtori, ni hadithi ile ile. Ndizi zikishapoa zinakaza. Bibi yangu alikuwa anaponda kwa mwiko zikiwa za moto na anaongeza supu ya nyama kidogo kidogo. Ukisaga ndizi zikiwa na supu ya kutosha hata mashine ya bei rahisi inaweza. Ukisaga zikiwa kavu unaua mashine, na mtori wenyewe unakuwa unanata kama gundi kwa sababu wanga umepasuliwa mno.

Kwa hiyo mimi mtori nasaga robo tatu tu. Vipande vichache vibaki, mtu atafune.

#8 Mwanakwetu254
Huyo wa Machame anasema ukweli kuhusu gundi. Hapa Nairobi watu wamejaribu kuponda mukimo na hizi vitu. Viazi vinavutika mpaka unashangaa kama ni chakula. Mukimo ni mwiko na nguvu za mkono, basi.

Lakini mimi naona nyote mmesahau stima. Kwetu stima inapanda na kushuka jioni yote, taa zinafifia, halafu zinawaka ghafla. Mashine gani itavumilia hiyo? Yangu ilikufa siku stima iliporudi baada ya kupotea.

#9 Goba Mwisho wa Lami
Naunga mkono 254. Huku kwetu umeme ni mdogo kabisa saa moja jioni, na saa hiyo ndiyo kila mtu anapika. Umeme mdogo unaunguza mota, hata fundi wa friji atakuambia.

#10 Fundi Mota Temeke
Goba, fundi wa friji yuko sahihi kuhusu friji. Mota ya friji ukiipa umeme mdogo inalazimisha kuzunguka kasi ile ile, inavuta ampea nyingi, inaungua. Mota ya blenda ni ya kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Ukiipa umeme mdogo inazunguka polepole na inakula kidogo. Utaona inalegea tu, sauti inashuka.

#11 Saketi
Fundi, hapo nakukatalia nusu. Inalegea, sawa. Lakini mpishi akiona imelegea anafanya nini? Anaibonyeza mpaka mwisho na kuikandamiza kwenye sufuria. Kisu kikikaribia kusimama, feni nayo imekaribia kusimama, na ampea zinapanda kwa sababu mota haizunguki. Joto linabaki ndani bila hewa. Umeme mdogo haukuua moja kwa moja, ila ulifungua mlango.

Halafu blenda nyingi za sasa zina bodi ndogo ya kupanga kasi. Umeme ukirudi kwa kishindo, hiyo bodi ndiyo inayotangulia kufa kabla ya mota. Dalili zake ni tofauti: hainuki, inakuwa kimya tu, au inazunguka kasi moja hata ukizungusha kitufe. Mwanakwetu, yako ilinuka?

#12 Mwanakwetu254
Haikunuka. Ilinyamaza tu.

#13 Saketi
Basi mpelekee fundi wa elektroniki aitazame bodi kabla hujaitupa.

#14 Sauti ya Goma
Bandugu, jambo. Miye nauliza: kuko mtu anasaga sombe na iyo mashini? Dada yangu alijaribu, majani mabichi, nyuzi zikajifunga ku kisu mpaka ikasimama.

#15 Tui Zito
Ndugu wa Goma, usimpe tena. Kisamvu, hiyo sombe yenu, kina nyuzi, zinajisokota kwenye shingo ya kisu. Kitwangwe kwenye kinu au kipelekwe kwenye mashine ya kusagia nyama. Na kutwanga kwenyewe kuna kazi yake: majani ya muhogo mabichi yana sumu ya sianidi, ukiyatwanga vizuri kisha ukayachemsha sana bila kufunika, inatoka. Majani yaliyokatwakatwa juu juu hayatoi vizuri.

#16 Sauti ya Goma
Aksanti sana. Atarudia ku kinu.

#17 Mbeba Boksi Houston
Wakuu, nyie mnabishana na umeme wa TANESCO, mimi nina kesi nyingine. Nilimtumia mama blenda nzuri sana kutoka huku Marekani. Kaka yangu akaweka adapta ya plagi, akachomeka, ikapiga kelele kama jenereta, cheche, kwisha. Mnaosafiri angalieni kibandiko. Cha huku ni volti 120, huko nyumbani ni 230. Adapta inabadilisha miguu ya plagi tu, haishushi volti.

#18 Goba Mwisho wa Lami
Hapo nadhani ni zile hezi, mizunguko ya umeme kwa sekunde, huko ni 60 na huku 50.

#19 Saketi
Hapana Goba. Mota ya kaboni haijali sana hezi, inaweza kuzunguka hata kwa umeme wa moja kwa moja wa betri. Kilichoiua ni volti karibu mara mbili. Anayetaka kweli kutumia ya Marekani anunue transfoma ya kushusha yenye uwezo kuzidi wati za mashine. Ukijumlisha bei ya transfoma ni afadhali ununue huku huku.

#20 Mtoto wa Muscat
Za Omani na Dubai hazina shida hiyo. Volti zinaelewana na za nyumbani na plagi ni ile ile ya miguu mitatu bapa. Watu wa Pemba wanabeba kwenye mizigo kila likizo. Tatizo ni waranti, nyingi zinaishia kwenye nchi uliponunulia, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa.

#21 Kijiti
Nyie wote mnazunguka mbuyu. Kinachoua ni feki. Kariakoo unakuta jina la Kijerumani kwenye boksi, herufi moja imebadilishwa. Ndani waya wa koili mwembamba kama unywele. Nunua ya Kijerumani halisi, hao ndio waliobuni hizi mashine, utaisahau.

#22 Mwalimu wa Ufundi
Kijiti, kuhusu feki sina ubishi. Kuhusu waliobuni, si Wajerumani. Ni Mswisi, Roger Perrinjaquet, aliyesajili hataza yake mwaka 1950. Mashine ikaitwa bamix na inatengenezwa Uswisi mpaka leo. Wahispania nao wana yao, Minipimer, iliyotoka 1959 kwenye kiwanda cha Pimer cha Barcelona, iliyosanifiwa na Gabriel Lluelles. Braun ya Ujerumani ilikuja kukinunua kiwanda hicho baadaye, miaka ya 60.

Na hapa ndipo ninapomjibu mleta mada. Bamix za miaka mingi zilikuwa na wati 140 mpaka 200 tu. Hiyo ya dada yako ikiwa ni ya aina hiyo, haishangazi. Kisu chake ni kidogo, kinazunguka kwa kasi kubwa, na fimbo imefungwa moja kwa moja na mwili, haichomolewi. Hakuna nguvu inayopotea kwenye kiungo.

#23 Mama Wawili Tabata
Mwalimu nimempigia sasa hivi. Ni bamix kweli, na fimbo haichomoki! Kumbe.

#24 Muuza Vyombo
Mwalimu, na bei yake uwatajie. Mtu mwenye 120,000 unamwonyesha gari la waziri.

#25 Kijiti
Mwalimu asante kwa darasa. Ila Braun ni ya wale wa Gillette, Procter & Gamble, kwa hiyo ubora upo.

#26 Mwalimu wa Ufundi
Mashine za kunyolea, ndiyo. Vyombo vya jikoni vya Braun viko chini ya De'Longhi ya Italia tangu 2012, ambao pia ndio wenye Kenwood. Na vya Philips vya nyumbani viliuzwa 2021, sasa vinatengenezwa na kampuni inayoitwa Versuni ikitumia jina lile lile. Jina la kwenye boksi haliwezi kukuambia peke yake nani kakitengeneza.

#27 Jiko la Bi Mkubwa
Naomba niingie maana mnaongea mota tu kana kwamba chakula hakimo.

Mimi napika kwa ajili ya watu, shughuli na misiba, na nimeona nyingi zikifa bila kuungua. Inazunguka vizuri, unasikia mota inalia, lakini kisu kimesimama. Ukiichomoa fimbo, tazama pale inapoingia kwenye mwili. Kuna kidude chenye meno. Kama ni cha plastiki laini utakuta meno yameliwa yamekuwa mviringo kama pipi iliyonyonywa, na unga mweupe umejaa pembeni. Mota nzima kabisa, mashine inatupwa kwa kidude cha ukubwa wa kifungo cha koti. Wanaoyamaliza meno hayo ni tangawizi na vitunguu swaumu vikavu, na vijana wanaoikandamiza chini ya sufuria.

Kwa hiyo mimi dukani naomba nichomoe fimbo kwanza. Nikikuta meno ni ya chuma, au plastiki ngumu nene iliyokaa ndani ya chuma, naendelea kuzungumza bei. Nikikuta laini, naaga.

La pili, fimbo iwe ya chuma cha pua. Ya plastiki ukisagia mchuzi wenye bizari inakuwa njano moja kwa moja, na sipendi plastiki kwenye kitu kinachochemka. La tatu, chini ya kengele ya kisu, kile kikombe kinachokifunika, kuwe na matundu au mawimbi. Isiyo na nafasi inanyonya sakafu ya sufuria, inang'ang'ania, ukiivuta inakurushia. Iinamishe kidogo itoe hewa iliyonaswa, na uizamishe kabla ya kuwasha. Uizime kabla ya kuitoa.

#28 Baba Pacha
Bi Mkubwa shikamoo. Sufuria zangu ni zile nyeusi zisizoshika chakula. Fimbo ya chuma haitazichubua?

#29 Jiko la Bi Mkubwa
Marahaba mwanangu. Itazichubua. Hata kwenye sufuria nyepesi za aluminiamu ikigusa inaacha rangi ya kijivu kwenye chakula, hasa viazi na uji mweupe. Mimina kwenye sufuria ya chuma cha pua au jagi refu usagie humo. Ila supu ya moto usiitie kwenye blenda ya jagi ukafunga kifuniko, mvuke unakirusha. Uzuri wa hii ya fimbo ni huo, hakuna kifuniko.

#30 Fundi Mota Temeke
Bi Mkubwa heshima yako. Hilo la meno ni kweli, ila kwenye meza yangu zilizoungua ni nyingi kuliko zilizoliwa meno. Labda kwa sababu wa meno hawaleti kwa fundi, wanatupa.

Niongeze chanzo kingine: maji. Watu wanaosha mwili wa juu chini ya bomba. Au wanaiacha fimbo imelala kwenye beseni usiku kucha, maji yanapita kwenye sili, yanaingia kwenye beringi, inapata kutu na kuanza kukwaruza. Osha hivi: weka maji ya uvuguvugu na sabuni kwenye chombo, tumbukiza kisu, washa kidogo, zima, chomoa plagi, suuza. CHOMOA PLAGI kabla kidole hakijafika kwenye kisu. Kitufe kinabonyezeka kwa kuguswa tu.

#31 Babu wa Lushoto
Sisi tulikula mlenda uliopekechwa kwa upekecho, na nyanya tulisaga kwenye jiwe. Haikuungua hata siku moja. Na umeme wa LUKU haukuisha.

#32 Saketi
Babu shikamoo. Kuhusu LUKU usiwe na hofu. Ya wati 600 ukiitumia dakika mbili inakula uniti 0.02, maana yake uniti moja inatosha mara 50. Pasi ya nguo ndiyo ya kuogopa.

#33 Babu wa Lushoto
Marahaba. Hesabu nimeielewa. Nyanya ya jiwe bado ni tamu zaidi.

#34 Nesi wa Kata
Mama Wawili, nimeona umetaja mtoto wa miezi saba. Usizoee kumsagia mpaka iwe laini kama maziwa. Miezi sita anaanza na cha kupondwa laini, kisha kila wiki kiache kizidi uzito kidogo, kisimwagike kwenye kijiko, na akikaribia miezi minane tisa awe na vipande laini vya kushika mwenyewe. Wanaosagiwa kwa muda mrefu wengine wanakuja kukataa kutafuna. Kwa hiyo hata hiyo blenda kwa mtoto ni kazi ya muda mfupi. Usichague mashine kwa sababu yake.

#35 Mama Wawili Tabata
Asante nesi. Nilikuwa namsagia kila kitu, nitaanza kumpondea kwa uma.

Kwa hiyo naona: Fundi anasema muda, Tui Zito anasema uzito wa chakula, 254 na Goba umeme, Kijiti feki, Bi Mkubwa meno. Boga langu lilikuwa zito kweli, nilipunguza maji. Lakini na umeme siku hiyo ulikuwa unafifia. Sasa nishike lipi?

#36 Kijiti
Shika feki. Nenda duka lenye risiti na waranti ya maandishi, angalia alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, linganisha jina herufi kwa herufi.

#37 Tui Zito
Kijiti, niliyosagia bokoboko ikafa ilikuwa halisi, ya dukani, na risiti ninayo.

#38 Muuza Vyombo
Kwa bajeti yake mimi ningempa yenye wati 400 mpaka 600, fimbo ya chuma, kasi mbili na kitufe cha turbo, bila makorokoro. Zile seti za kibakuli cha kukatia, mchapo wa mayai na kikombe, pesa imegawanywa vipande vinne na mota ndiyo imepunjwa.

#39 Jiko la Bi Mkubwa
Sikubaliani. Kibakuli cha kukatia ndicho kinachookoa fimbo. Vitunguu, swaumu na tangawizi vinaenda kule, fimbo inabaki na vya majimaji. Asiye na kibakuli ataitumbukiza fimbo kwenye swaumu kavu, na meno yataliwa.

#40 Fundi Mota Temeke
Hapo mmegusa. Ila vibakuli vingi vina gia za plastiki kwenye kifuniko. Karanga kavu na bizari nzima usithubutu humo.

#41 Goba Mwisho wa Lami
Je, hizi za betri zisizo na waya? Umeme ukikatika unaendelea kusaga.

#42 Saketi
Zipo, na ni nzuri kwa supu. Lakini betri inazeeka hata ukiitunza, na kama imefungiwa ndani haibadilishwi, siku ikichoka mashine yote imekwenda nayo. Tafuta ambayo betri inachomoka. Kwa 120,000 sidhani kama utapata ya maana.

#43 Chalii wa Machame
Kuna aliyewahi kubadilisha kaboni za hizi mashine? Yangu inatoa cheche nyingi za bluu ndani na inakata kata, lakini hainuki.

#44 Fundi Mota Temeke
Hizo ni kaboni zimefika mwisho, au lile duara la shaba zinapokaa limejaa masizi. Usiendelee kuiwasha, zikiisha kabisa chemchemi zake zitakwaruza shaba na hapo hakuna dawa. Ukifungua, chukua kaboni zote mbili upime upana, unene na urefu, nenda nazo mkononi kwenye maduka ya vipuri vya drili. Ikikosekana saizi yake, nunua iliyozidi kidogo uisugue kwa msasa laini mpaka iteleze kwenye nyumba yake bila kukwama wala kucheza. Shaba isafishe kwa msasa laini sana, toa vumbi lote kwenye mifereji. Baada ya hapo iwashe bila chakula sekunde chache, zima, rudia. Cheche zitapungua zenyewe kaboni zikishakaa.

#45 Chalii wa Machame
Shukrani fundi. Kesho naifungua. Na mwili wake umegandishwa, hauna skrubu?

#46 Fundi Mota Temeke
Tazama chini ya kile kifuniko cha mpira kwenye vitufe, na chini ya kibandiko. Nyingi zimejificha hapo. Kama kweli hakuna, imebanwa kwa kulabu za ndani. Pitisha kadi ngumu ya plastiki kwenye mshono taratibu, usitumie bisibisi, utavunja kulabu na haitafunga tena.